Kuingiza folda za pamoja na tovuti za nje kwenye utafutaji wa SharePoint Server 2019

Anza na akaunti, maana hapo ndipo wengi hukwama. Fungua akaunti ya domeini ya kusomea tu, uiweke kwenye Default content access account, yaani akaunti ambayo roboti ya utafutaji (programu inayopitia na kusoma yaliyomo) huitumia. Usitumie akaunti ya msimamizi wa farm (kundi la seva za SharePoint): itaona hata rasimu ambazo hazijachapishwa na kuziingiza kwenye faharasa, orodha ambamo utafutaji hutafuta. Kwa folda ya pamoja, ipe akaunti hiyo ruhusa ya kusoma sehemu mbili, kwenye share yenyewe (ruhusa za mtandao) na kwenye NTFS (ruhusa za mafaili ya Windows). Ukisahau moja, logi itajaa "Access is denied", na wewe ukiifungua folda ileile kwa akaunti yako inafunguka bila shida.

Kisha ingia Central Administration (tovuti ya kusimamia SharePoint), Manage service applications, Search Service Application, Content Sources, halafu New Content Source. Folda ni File Shares, na anwani huandikwa \\seva01\nyaraka. Tovuti ni Web Sites. Chanzo kimoja hubeba hadi anwani 100, lakini usizirundike: ratiba ni ya chanzo kizima, na folda inayobadilika kila saa haina sababu ya kufuata ratiba ya tovuti inayoguswa mara moja kwa mwezi. Continuous crawl, upitiaji usiosimama, ni ya tovuti za SharePoint peke yake. Kwa folda na tovuti za nje panga Incremental, inayopitia mabadiliko tu.

Tovuti ndiyo yenye mitego. Chagua roboti ibaki ndani ya seva ya anwani ya kuanzia, la sivyo itafuata viungo hadi kwa majirani. Kurasa za aina ya makala.aspx?id=12 hurukwa mpaka utengeneze Crawl Rule (kanuni ya nini roboti ipitie au iache) inayoruhusu anwani zenye alama ya kuuliza. Ukishairuhusu, jihadhari na kalenda: kiungo cha "mwezi ujao" hakina mwisho. Andika kanuni ya kuizuia na uiweke juu ya ile ya kuruhusu, kwa sababu inayolingana kwanza ndiyo inayotumika. Baada ya kubadili kanuni, endesha Full crawl, inayopitia kila kitu upya.

Jambo moja hupitiwa sana. Mafaili ya folda huingia pamoja na ruhusa zake, hivyo mtu huona anachoruhusiwa tu. Kurasa za Web Sites huingia bila ruhusa zozote. Ukimpa roboti nywila ya tovuti iliyofungwa, kila mtumiaji wa utafutaji ataona vichwa na vipande vya maandishi yake kwenye matokeo.