Vifaa vya fundi: nunua kimoja kimoja

Mwanangu, usikope ili ununue seti nzima kwa siku moja. Mimi natengeneza mashine za boti hapa Lamu, na nilianza na spana nne tu: namba 10, 12, 14 na 17. Nati nyingi za mashine za Kijapani utazifungua kwa hizo. Soketi ya kufungulia plagi ya mashine, bisibisi na plaizi zilifuata, kila kazi ikilipia kifaa chake.

Soketi, zile vikombe vinavyovaa nati, chagua za pembe 6 kwa ndani. Ya pembe 12, ikikutana na nati iliyoliwa na chumvi, huteleza na kuikwangua mpaka iwe mviringo. Nimewahi kumlipa mwenye boti bolti kwa kosa hilo, na pesa ile iliniuma.

Spana kuukuu ya fundi anayeacha kazi naipenda kuliko mpya ya bei ya kutupa. Ijaribu kwenye bolti mpya. Ikicheza, mdomo umepanuka, iache.

Toki renchi, spana ya kukaza nati kwa kipimo, ni ghali: changieni mafundi watatu.

Jioni, vilivyoguswa na maji ya bahari visuuze kwa maji matamu, vikaushe, vipake oili. Huku kutu haingoji asubuhi.