Gunia la korosho lililotoboka usilifanye dekio

Msimu ukiisha huku Mtwara, magunia ya juti yaliyotoboka hubaki yamezagaa tu uani. Mimi nayashona mikoba ya sokoni. Shida yake ni moja: ukilikata, nyuzi zinaanza kufumuka papo hapo, na ukizubaa kipande kinakuishia mkononi. Basi kabla ya mkasi, chora mstari kwa chaki, pitisha cherehani mara mbili juu yake, ndipo ukate kwa nje ya mshono. Weka sindano namba 18 na hatua ndefu za mshono. Ile ya 14 ya vitenge haiwezi, nimevunja tatu asubuhi moja. Usilifue, likilowa linalegea. Likung'ute na kulianika juani.

Bitana yake ni kanga kuukuu. Kanga huchakaa katikati kwanza, pindo na jina, yaani msemo wake, vikabaki vizima. Jina huliweka mdomoni mwa mkoba, upande wa ndani, mtu akifungua kutoa hela ndipo analisoma. Vishikio kata kwenye jinzi iliyochoka, ukunje mara nne. Vya juti vinakwaruza viganja ukibeba mihogo.