Kukagua Nyumba Mombasa Kabla ya Kununua, na Matengenezo Yanayostahili Pesa Yako

Nyumba ya Mombasa iliyopakwa rangi majuzi tu, hasa kwenye mita moja ya chini ya kuta zake, ni nyumba ya kuangaliwa mara mbili. Umri wa jengo la Pwani huamuliwa na chumvi na maji, na madhara yao hufichika kwa urahisi chini ya rangi, vigae na dari ya jipsamu. Kwa sababu hiyo ukaguzi uanze na ardhi, uendelee kwenye zege, paa na maji, na makabati ya jikoni yaje mwisho kabisa. Mpangilio huo ndio pia utakaokuongoza katika matengenezo baada ya kununua.

Mombasa inawezekana kabisa kununua nyumba bila kununua ardhi iliyo chini yake. Katika mitaa ya zamani kama Majengo, na katika sehemu za Kisauni, watu wengi walijenga kwa makubaliano na mwenye ardhi na humlipa kodi ya kiwanja, ilhali nyumba yenyewe huuzwa na kurithiwa kama mali ya aliyeijenga. Mpango huu ni wa tangu zamani na si ulaghai, mradi muuzaji auseme waziwazi. Hata hivyo, ni vigumu kuitumia nyumba ya namna hiyo kama dhamana ya mkopo, na mwenye ardhi akiuza kiwanja chake, wewe utajikuta ukizungumza na mtu mwingine mwenye nia nyingine. Bei lazima ishuke kulingana na hali hiyo, na kwa maoni yangu kuongeza ghorofa juu ya kiwanja cha mtu si uwekezaji.

Ikiwa nyumba inauzwa pamoja na ardhi, wakili wako afanye uchunguzi rasmi wa hati katika ofisi ya usajili wa ardhi, usiridhike na nakala uliyoonyeshwa na dalali. Uchunguzi huo utaonyesha kama kuna rehani au zuio, na kama umiliki ni wa kudumu au wa muda maalumu. Ukiwa wa muda maalumu, hesabu miaka iliyobaki. Asiye raia wa Kenya hawezi kumiliki ardhi kwa muda unaozidi miaka 99, kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010. Dai uthibitisho kwamba ada za ardhi za kaunti zimelipwa, na kama nyumba ni ya ndoa, ridhaa ya mke au mume wa muuzaji ipatikane kwa maandishi. Mlete pia mpima ardhi avitafute vigingi vya mpaka, kwani ukuta wa jirani ulioingia mita mbili ndani ya kiwanja ni jambo la kujadiliwa kabla ya malipo. Katika hesabu zako usisahau ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4 ya thamani ya mali. Anayenunua fleti aulize kama hati ya nyumba yake imetolewa kwa mujibu wa Sheria ya Mali za Sehemu (Sectional Properties Act) ya mwaka 2020, inayohusu umiliki wa fleti moja moja, na kama wenzake ndani ya jengo hulipa ada za pamoja, kwa sababu pampu na ngazi zikiharibika deni hilo litamfikia na yeye.

Nyumba yenyewe itembelee saa tisa alasiri, jua linapopiga kuta za magharibi, kisha urudi mvua inaponyesha. Mei ni mwezi mzuri kuliko yote kwa kazi hii, kwani masika huwa yamekolea na hakuna rangi inayoweza kuficha paa linalovuja. Ikiwa nyumba iko karibu na mkono wa bahari, kwa mfano upande wa Tudor au Mikindani, fika pia wakati maji ya bahari yamejaa.

Sehemu inayostahili muda wako mwingi zaidi ni zege. Nondo ndani ya zege zuri hukingwa na saruji inayozizunguka, lakini chumvi inapopenya kutoka hewani, au ilipoingia tangu siku ya ujenzi kupitia mchanga wa bahari usiooshwa au maji ya kisima cha chumvi, kinga hiyo huvunjika na nondo huanza kushika kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo husukuma zege kutoka ndani mpaka lipasuke na kumeguka. Angalia chini ya roshani, chini ya ngazi, kwenye vizingiti vya juu ya madirisha na kwenye nguzo zinazoelekea baharini. Ufa unaonyooka kufuata mkondo wa nondo, wenye doa la kahawia pembeni, una maana tofauti kabisa na nyufa nyembamba za lipu ambazo karibu kila nyumba inazo. Gonga kwa nyundo ndogo: zege zima hulia kwa ukali, na lililoachana na nondo hutoa mlio wa utupu. Ukikuta hali hiyo mahali pamoja au pawili, fundi anaweza kubomoa sehemu iliyooza, kusafisha nondo na kumwaga zege upya. Ukiikuta kwenye nguzo kadhaa, simamisha mazungumzo mpaka mhandisi wa majengo aliyesajiliwa, uliyemlipa wewe na si muuzaji, akague na kuandika ripoti. Mhandisi huyo aione pia michoro iliyoidhinishwa na kaunti, maana zipo nyumba ambazo msingi ulichimbwa kwa ajili ya nyumba ya chini peke yake, ghorofa ikaja baadaye.

Kuta za mawe ya matumbawe zina tabia yake. Jiwe hilo lina vitundu vingi, hufyonza maji kutoka ardhini na kuyatoa polepole, na chumvi hubaki usoni kama unga mweupe. Katika Mji wa Kale, ambako kuta nene zilijengwa kwa chokaa, kosa linalorudiwa kila siku ni kuzipiga lipu ya saruji ili zionekane imara. Saruji huzuia ukuta kupumua, unyevu hupanda juu zaidi kuutafuta upenyo, na vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani huoza bila mtu kuona. Choma ncha ya bisibisi kwenye boriti pale inapoingia ukutani. Ikizama kama kwenye mkate, hesabu gharama ya dari nzima. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, kwa hiyo mabadiliko ya sura ya nyumba yanahitaji kwanza kuzungumzwa na ofisi ya hifadhi ya Makumbusho ya Taifa.

Kuhusu paa, panda darini ukiwa na tochi. Tundu za mwanga, madoa kwenye kenchi na njia za udongo za mchwa zitakueleza zaidi ya maneno ya muuzaji. Mabati huanza kuoza kwenye misumari na kwenye maungio. Paa la zege lililo bapa lipimwe kwa ndoo kadhaa za maji ili uone kama yanateremka au yanatuama.

Maji ni suala kubwa kuliko wageni wengi wanavyodhani. Sehemu ya maji ya mfereji ya Mombasa hutoka mbali, chemchemi za Mzima na visima vya Baricho, na katika mitaa mingi hayatoki kila siku. Waulize majirani ni siku ngapi kwa juma mfereji hutoka maji, kisha ukubwa wa tangi uulinganishe na jibu lao. Kama kuna kisima, jaribu kuosha mikono kwa sabuni: isipotoa povu, maji ni magumu au yana chumvi, na yataharibu bomba na hita. Usafi wa kisima hicho unategemea choo kilipo, kwa kuwa sehemu kubwa ya jiji haijafikiwa na bomba la maji taka na hutumia mashimo, na mwamba wa matumbawe hupitisha uchafu haraka. Peleka sampuli maabara kabla ya kuamua.

Umeme hauhitaji maneno mengi. Fungua kisanduku cha swichi, hakikisha waya wa ardhini upo na haujaliwa na kutu, na ujue mita imeandikwa jina la nani na kama ina deni.

Baada ya kununua, pesa ya kwanza iende kwenye paa na mifereji yake. Mvua ya milimita 1 juu ya paa la mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 120 za mraba, kwa mvua ya milimita 50, hukusanya karibu lita 6,000, ukitoa zinazomwagika. Kwa mji wenye ukosefu wa maji, mifereji ya plastiki na tangi la chini ya ardhi ni matengenezo yanayojilipa, na mnunuzi wa baadaye atayathamini. Tangi la juu lisikae popote tu, kwani lita 5,000 ni tani tano na si kila ukuta unazibeba.

Baada ya maji, shughulikia joto. Kivuli upande wa magharibi, veranda au mwarobaini uliopandwa mbali na shimo la choo, pamoja na madirisha yanayokabiliana ili upepo wa kusi na kaskazi upite, hupunguza joto kwa gharama ndogo kuliko viyoyozi, ambavyo sehemu yake ya nje huliwa na chumvi karibu na ufuo. Nyavu za mbu ziwe za kudumu, zenye skrubu za chuma kisichoshika kutu. Vyuma vya madirisha vichaguliwe visivyo na uwazi ndani, kwa kuwa vya bomba huoza kutoka ndani huku rangi ikimeta nje. Sola inafaa hapa, mradi paa limekwisha kutengenezwa. Kufunga paneli juu ya bati bovu ni kulipa fundi mara mbili.

Bwawa la kuogelea, jipsamu ya ngazi tatu na marumaru ya sebuleni sitavishauri katika nyumba ambayo bado inavuja. Kazi za paa zipangwe Januari hadi Machi, kabla ya masika, na rangi ya nje isipakwe mpaka kuta zikauke kabisa, ambayo kwa kuta za matumbawe inaweza kuchukua wiki kadhaa baada ya mvua ya mwisho.