Farasi 25 au 35? Kuchagua kati ya matrekta mawili madogo yenye mwili mmoja

Matrekta madogo mengi hutoka kiwandani kama mapacha. Chesi ni moja, matairi ni yaleyale, mikono ya nyuma ya kunyanyulia vifaa ni ileile, na uzito unapishana kwa kilo chache tu. Kinachobadilika ni injini: moja imeandikwa nguvu za farasi 25, nyingine 35, na bei inaruka. Ukipita maduka ya Mombasa Road na Enterprise Road jijini Nairobi utayakuta yamesimama bega kwa bega, na muuzaji atakwambia, "Mama, chukua tu hilo kubwa, hutajuta." Kabla hujamjibu, jiulize kazi yako itapitia wapi: kwenye matairi, au kwenye PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine?

Mimi hukodisha trekta upande wa Kamulu, Ruai na Joska, mashariki ya Nairobi, na nikiitwa hupanda hadi Limuru. Mara nyingi usukani nashika mwenyewe. Wateja huniuliza farasi ngapi kabla hata ya kuuliza bei ya ekari, na huwa nawaambia wangoje kwanza.

Plau, haro (ya kuvunja mabonge) na trela huvutwa. Nguvu ya kuvuta hupatikana pale tairi linapokutana na udongo, na tairi hushika kwa sababu ya uzito ulio juu yake. Chukua matrekta mawili ya kilo 1,200 yenye matairi sawa, uyafunge plau moja, uende polepole: lile la 35 litaanza kuteleza palepale lile la 25 linapoteleza. Nguvu ya ziada itakupa mwendo, labda gia moja juu, na itakusaidia kupanda kilima na trela la samadi. Haitalizamisha plau zaidi.

Hili usiliamini kwa maneno yangu, lipime. Chora alama ya chaki kwenye tairi la nyuma, chini kabisa, na uchomeke kijiti ardhini mbele ya alama hiyo. Endesha plau likiwa juu hadi tairi lizunguke mara 10, chomeka kijiti cha pili, kisha pima kwa futikamba. Tuseme umepata mita 32. Rudia kwa gia ileile plau likiwa limezama kina unacholimia kweli. Ukipata mita 28, umepoteza 4 kati ya 32, yaani asilimia 12.5. Kati ya 8 na 15 ni sawa kwa shamba. Ukipita 20, dizeli yako inasaga matairi, na kununua injini kubwa zaidi ni kuongeza kasi ya kuyasaga.

Dawa yake ni uzito. Funga vyuma vya mbele na vya magurudumu, au jaza maji kwenye matairi ya nyuma: geuza tairi hadi valvu iwe juu, jaza mpaka maji yafike usawa wa valvu, halafu pandisha upepo. Huko kwenye baridi kali lazima wachanganye dawa ya kuzuia kuganda. Kwetu maji ya mferejini yanatosha. Hata hivyo, usipitishe mzigo unaoruhusiwa kwenye kitabu cha trekta, maana ekseli na gia ndizo zitakazobeba hasira.

Na udongo mweusi wa huku kwetu, ule wa pamba, ukikauka ni tofali na ukilowa ni gundi. Trekta dogo likikwama humo hujichimbia kaburi, liwe na farasi 25 au 35. Ngoja siku chache baada ya mvua, bonge likivunjika mkononi bila kunata, ndipo uingie.

Kwenye PTO hesabu inageuka kabisa. Rotaveta (jembe la visu vinavyozunguka), mashine ya kukata napia, pampu, mashine ya kufunga nyasi: hizi hunywa nguvu ya injini moja kwa moja, na uzito wa trekta hauna la kusema sana. Tafuta kwenye kitabu nguvu ya PTO, si ile iliyobandikwa kwenye boneti. Huwa ni pungufu kwa asilimia 10 hadi 20, na trekta lenye gia za haidroliki zile za kukanyaga tu hupoteza zaidi ya lile la gia za kawaida. Kwa hiyo 25 ya boneti ni 21 hivi kwenye shafti. Hiyo itazungusha rotaveta ya mita 1.2 kwenye udongo mwekundu wa Kikuyu uliokwisha kulimwa, lakini kwenye shamba lililolala misimu miwili utasikia injini ikilia na utaona moshi mweusi. Hapo 35 inastahili pesa yake.

Sasa kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji, nalo ndilo linaloamua kwa watu wa hapa: urefu kutoka usawa wa bahari. Nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi ni ile ya kule chini, karibu na usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 kwa kila mita 300 unazopanda, kwa sababu hewa inazidi kuwa nyepesi. Nairobi iko karibu mita 1,800, Limuru mita 2,200 hivi. Trekta la 25 lisilo na turbo likifika Limuru limebaki na 20 hivi, kabla hata hujatoa ile ya PTO. Turbo husukuma hewa ndani kwa nguvu, kwa hiyo injini yenye turbo hupoteza kidogo sana kwa urefu huo.

Basi fungua boneti. Kama 35 imepatikana kwa turbo, pengo la 10 uliloliona dukani linakuwa 13 au 14 kule juu, na bei inaanza kueleweka. Kama injini zote mbili zina silinda tatu, ukubwa uleule wa cc (ujazo wa injini), hazina turbo, na tofauti ni kwamba moja imeruhusiwa kuzunguka kwa kasi zaidi, mimi ningeliacha hilo la bei ya juu. Angalia namba inayoandikwa Nm, nguvu ya mzunguko. Ikikaribiana kwa yote mawili, ujue unanunua kelele.

Turbo ina masharti yake. Baada ya kazi nzito usizime injini ghafla, iache inguruma taratibu dakika mbili tatu oili ipoze. Filta ya hewa ikaguliwe kila siku, hasa vumbi la Joska mwezi wa Februari. Dereva wa kuajiriwa atakubali yote haya kwa heshima na ayasahau kabla ya saa nne, kwa hiyo fikiria ni nani atakayeshika usukani.

Uliza pia pampu ya dizeli. Ya kimekanika hufunguliwa na fundi yeyote mzuri, na spea unaweza kuzisaka Grogan, mtaa wa spea za magari jijini Nairobi. Ya kompyuta inatumia mafuta vizuri lakini inataka mashine ya kuisoma, na haivumilii mafuta machafu. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa ilikuwa balaa hadi serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018. Hata sasa, nunua kwenye kituo unachokifahamu, usinunue kwenye jerikeni la kando ya barabara.

Kuhusu ulaji wa dizeli, watu huogopa bure. Kila nguvu moja ya farasi ikitumika kikamilifu hula karibu robo lita kwa saa. Trekta la 35 likifanya kazi ya 25 halili kama la 35. Litakula zaidi pale tu dereva anapoitumia nguvu yote, na hapo ekari pia zinaisha mapema.

Ukitazama video za Marekani utawasikia wakibishana sana juu ya 25. Kule injini za kuanzia kilowati 19, ambazo ni farasi 25 na ushee, zina sheria kali zaidi ya moshi, ndiyo maana kuna matrekta mengi yaliyosimamishwa chini kidogo ya hapo. Ubishi huo waachie wenyewe.

Tahadhari moja kwa anayechukua kubwa akiwa na vifaa vya zamani. Rotaveta iliyotengenezwa kwa farasi 25 ikifungwa kwenye 35 itavunja bolti ya usalama ya shafti kila ikigonga jiwe. Fundi atakushauri uweke bolti ngumu zaidi. Kataa. Bolti hiyo ni ya shilingi chache, na imewekwa ikatike ili gia za rotaveta zisikatike.

Mikono ya nyuma mara nyingi hunyanyua kilo zilezile kwa matrekta yote mawili. Soma namba iliyopimwa milimita 610 nyuma ya ncha za mikono, ile nyingine ya kwenye ncha ni ya kujisifu. Tangi la dawa la lita 400 likijaa ni kilo 400 bila chuma chake, na bila uzito wa mbele usukani utakuwa mwepesi kiasi cha kutisha.

Kwa shamba tambarare la plau na trela, mimi hununua 25, natia uzito, na tofauti ya bei inanunua haro. Kwa anayekula kwa rotaveta au kukata napia, tena Kikuyu au Limuru, achukue 35 yenye turbo bila kusitasita. Omba majaribio kwenye udongo wako, ubebe chaki na futikamba. Na vile vyuma vya mbele muuzaji anavyoahidi kukuongezea bure, viandikwe kwenye ankara kabla hujalipa.