Kuchagua maganda ya shaba kabla ya kuyajaza upya

Kwa wawindaji na walenga shabaha wa Marekani wanaojaza risasi zao wenyewe, ganda, yaani kikopo cha shaba kinachobeba baruti, ndilo sehemu pekee ya risasi inayotumika tena na tena, kwa hiyo ni afadhali kununua maganda mapya machache ya kundi moja la kiwanda, kama yale ya kampuni ya Lapua kutoka Ufini, kuliko gunia zima la yaliyookotwa uwanjani. Ganda lililokwisha kutumika lichunguzwe hasa karibu na kitako: mstari unaong'aa uliolizunguka hapo mara nyingi huashiria kwamba shaba imekonda kwa ndani, na waya mwembamba uliokunjwa ncha, ukipitishwa ndani, hukwama kwenye mfereji huo hata kabla jicho halijauona. La namna hiyo litupwe bila huruma. Lenye shingo iliyopasuka halihitaji mjadala. Rangi ya samawati shingoni mwa ganda jipya, ambayo huwatia wengi shaka, ni alama tu ya moto uliotumika kuilainisha shaba. Maganda ya kijeshi ya 7.62 NATO mara nyingi huwa na kuta nene kuliko yale ya kiraia ya .308 Winchester, saizi inayokaribia kufanana nayo kwa nje, hivyo nafasi ya baruti hupungua na shinikizo hupanda, yasichanganywe.