Kukokotoa umbo la mionzi ya antena ya 28 GHz, mfano wa Kariakoo

Faili la mionzi lenye mikato miwili, wa mlalo na wa wima, linatosha kwa antena ya kawaida ya sekta. Kwa paneli ya elementi (antena ndogo) 64, 8 kwa 8, inayogeuza mwale wake, usiliamini: programu ya kupanga mtandao ikiunganisha mikato hiyo hubuni miale isiyokuwepo. Kokotoa mwenyewe.

Anza na elementi moja, kwa kanuni ya 3GPP TR 38.901, waraka wa shirika la viwango vya simu. φ ni pembe ya mlalo kutoka mbele ya antena, θ ni ya wima. Upotevu wa mlalo ni 12(φ/65)² na wa wima ni 12((θ−90)/65)², kila mmoja usizidi dB 30. Jumlisha, kata tena kwenye 30, kisha toa kwenye 8 dBi, yaani geini ya elementi ikilinganishwa na antena inayosambaza sawa pande zote. Jaribu φ = 32.5: usipopata pungufu ya dB 3, kuna kosa.

θ hupimwa kuanzia utosini. 90 ni usawa. Antena ikiwa paani, mita 25, na simu ikiwa mkononi mtaani (kama mita 1.5 juu ya ardhi), mita 80 mbele, mwinamo ni kama nyuzi 16, kwa hiyo θ = 106. Ukiandika 16, mwale unapiga mawingu na programu hailalamiki.

Sasa paneli. Urefu wa wimbi λ ni mm 10.7, hivyo tenganisha elementi kwa mm 5.35. Fezi (hatua ya wimbi) ya kila moja ni (2π/λ)(y sinθ sinφ + z cosθ), y na z zikiwa mahali pake kwa mlalo na kwa wima. Toa ile ya upande unaoulenga, jumlisha zote 64 kama namba changamano, gawa kwa 8 (kipeuo cha pili cha 64), ndipo uchukue 20log. Usijumlishe desibeli. Mbele utapata dB 18, na 8 ya elementi, jumla 26 dBi kabla ya upotevu wa nyaya.

Hiyo 26 ndiyo inayodanganya wengi. Mwale ukigeuzwa nyuzi 60, ukingoni mwa sekta, elementi peke yake inapoteza dB 10.2, na upana wa mwale unapanda kutoka takriban nyuzi 13 hadi 26. Ukitenganisha elementi kwa 0.7λ kwa mlalo na kulenga nyuzi 40, mwale wa pili, ulio chini kwa takriban dB 3 tu, unatokea upande wa pili, nyuzi 52. Kwa wima 0.7λ haina shida, maana mwinamo ni mdogo.

Kwa ramani ya mawimbi, chukua thamani kubwa zaidi ya miale yote kila upande. Kwa mwingiliano, mwale mmoja mmoja. Weka pia safu ya miale yenye θ chini ya 90, la sivyo ghorofa za juu za jengo la ng'ambo zitakosa mtandao.

Ukihifadhi kama MSI (aina ya faili la antena linalosomwa na programu za kupanga mtandao), upotevu uandikwe chanya, nyuzi 0 hadi 359. Geini isiyo na kipimo husomwa dBd (ikilinganishwa na antena ya dipole): punguza 2.15 kwenye dBi kwanza.