Kuhama kutoka Nakuru hadi Kisumu au Kitale: Lori Lipite Wapi, Familia Ipite Wapi

Wanaohama huuliza kwanza njia ipi ni fupi. Swali lenye faida zaidi ni hili: gari gani litabeba nini? Lori lililojaa makabati na magunia ya mahindi lina mahitaji yake, na gari dogo lenye watoto na nyanya yao lina yake. Hakuna anayewalazimisha kufuatana. Mizigo ipite barabara kuu, penye lami, vituo vya mafuta na mafundi karibu. Familia, kama haina haraka, ipite penye mandhari.

Tuanze na lori, maana hapo ndipo makosa huwa ghali.

Njia ya lori

Nakuru hadi Kisumu ni kilomita 185 hivi kupitia Salgaa, Sachangwan, Mau Summit, Londiani Junction, Kericho, Awasi na Ahero. Ramani ya simu inakuonyesha saa na kilomita, lakini jambo kubwa kwenye njia hii ni mwinuko. Mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Mau Summit inakaribia 2,500, na Kisumu ni 1,131 tu. Lori litapanda mita 600 hivi, kisha lishuke zaidi ya 1,300. Kupanda kunajaribu injini. Kushuka kunajaribu breki, na huko ndiko watu hufia.

Huko juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini ya dizeli isiyo na tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) hupoteza karibu robo ya nguvu ambayo ingekuwa nayo Mombasa. Maji nayo huchemka kwa nyuzi 92 hivi badala ya 100. Kinachoyazuia yasichemke mapema ni presha inayoshikiliwa na kifuniko cha rejeta. Mpira wa kifuniko ukiwa umechakaa, gari linalotembea vizuri mjini linaweza kuchemka katikati ya mlima. Angalia mpira huo siku mbili kabla ya safari: ukiona umepasuka au umekuwa mgumu, nunua kifuniko kipya, ni bei ndogo. Bebeni lita 10 za maji. Injini ikichemka, izimeni na msubiri nusu saa kabla ya kugusa kifuniko.

Ukielekea magharibi, sehemu ya Salgaa hadi Sachangwan unaipanda. Hatari yake basi haitoki kwenye breki zako, inatoka kwa anayeshuka mbele yako. Alfajiri ya 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana Migaa, kwenye barabara hiihii, wakafa watu 36. Kaa kushoto, usijaribu kupita trela kwenye mlima hata likienda kilomita 15 kwa saa, na usiegeshe kando ya barabara mahali ambapo gari lililoshindwa breki linaweza kuangukia. Barabara hii pia iko katika mradi wa kupanuliwa kutoka Rironi hadi Mau Summit, kwa hiyo ongeza muda wa michepuko na foleni. Londiani Junction nako uendeshe polepole. Tarehe 30 Juni 2023 lori liliacha barabara pale na kuwaua watu zaidi ya 45, wengi wao wachuuzi na watu waliokuwa wakisubiri magari. Usisimamishe lori la kuhamia hapo ati mnunue viazi.

Mteremko wa kweli unaanza mkishapita Kericho na Kapsoit, kuelekea Kipsitet na Awasi. Si mkali kila mahali, lakini ni mrefu, na urefu ndio huchosha breki. Dereva akikanyaga breki muda wote, ngoma na viatu vya breki hupata moto, mafuta ya breki yanaanza kuchemka, povu linaingia kwenye mabomba, na pedali inazama hadi chini bila kushika. Dawa ni gia. Kabla mteremko haujaanza, punguza mwendo na uingize gia ambayo ungetumia kuupanda mlima huohuo; kwa Canter iliyojaa mara nyingi huwa ya tatu. Washa breki ya ekzosi kama ipo, yaani ile inayobana moshi wa injini ili mwendo upungue. Kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi, mwendo ushuke, kisha achilia zipoe, badala ya kuikalia pedali. Dereva anayeondoa gia ili gari liteleze na kuokoa mafuta, mwambie asimame na mzungumze. Hilo halina mjadala.

Mkinusa harufu ya kuungua, tafuteni mahali tambarare nje ya barabara, wekeni mawe nyuma na mbele ya tairi, msubiri. Msimwagie maji baridi ngoma iliyopata moto, inaweza kupasuka.

Uzito na upakiaji

Kwenye mlango au ubavu wa lori la biashara kumeandikwa uzito wa gari tupu na mzigo linaloruhusiwa kubeba. Soma namba hizo mwenyewe kabla ya kulipa amana. Vyombo vya nyumba ya vyumba viwili kwa kawaida hujaza nafasi kabla ya kujaza uzito. Tatizo huja na vile vya kuongezewa: mtu anahama, halafu anakumbuka mahindi ya shamba la Njoro. Gunia moja ni kilo 90, kwa hiyo magunia kumi ni kilo 900, na kwa lori la tani tatu hiyo ni karibu theluthi ya mzigo wote. Tangi la maji limwagwe lote. Kila lita ni kilo moja. Gunia la makaa liacheni, kwa sababu kusafirisha makaa kunahitaji kibali, na askari barabarani watalisimamia hilo. Ng'ombe, mbuzi na kondoo nao wanahitaji kibali cha ofisi ya mifugo.

Magunia, vitabu, cherehani na mashine ya kufulia vikae chini kabisa, karibu na kabini, mbele ya ekseli ya nyuma. Makochi na magodoro juu. Mkiweka vizito nyuma kabisa, usukani unakuwa mwepesi kwenye mlima. Mkiviweka juu, lori linayumba kwenye kona za Kericho. Friji isafiri imesimama, imeyeyushwa barafu tangu jana yake, mlango umefungwa kwa kamba. Mtungi wa gesi ufungwe valvu, utolewe regyuleta, usimame wima, na usikae kabini na watu.

Kamba zifungwe msalaba, kisha turubai juu, kisha kamba tena. Turubai lisilokazwa hupigwa na upepo likachanika, na Kericho mvua ya alasiri ni jambo la kawaida, mara nyingine na mawe. Mkifika Salgaa simameni, kazeni kamba upya. Mzigo hushuka na kujipanga kwa mtikisiko wa mwanzo, kwa hiyo kamba iliyokuwa ngumu mkiondoka itakuwa imelegea pale. Ni dakika kumi, na watu wengi huziruka.

Watu wasipande juu ya mzigo. Utingo na wenye nyumba wakae kabini kwa idadi ya viti vilivyosajiliwa, waliobaki wapande matatu.

Muda wa kuondoka

Pakieni jioni, mlale, muondoke saa kumi na mbili na nusu asubuhi kukipambazuka. Wanaoondoka saa tisa usiku ili "wawahi" wanakutana na ukungu wa Mau Summit gizani, pamoja na madereva wa masafa waliokesha. Kwa wastani wa kilomita 40 kwa saa, lori linafika Kericho saa tatu na nusu au saa nne, kabla ya mvua, na Kisumu saa sita hivi mchana, mkiwa na mwanga wa kupakua. Mkichelewa hadi saa sita kupakia, afadhali mlale Nakuru usiku mmoja zaidi.

Mwezi Aprili na Mei ulizia hali ya Ahero kabla ya kuondoka, kwa kuwa mto Nyando hufurika na maji hupita juu ya barabara.

Njia za familia

Kwa Kisumu, mchepuko mzuri ni kuanzia Njoro, Elburgon, Turi na Molo, kisha kurudi barabara kuu. Ni lami, unaepuka Salgaa na Sachangwan zote mbili, na unapita mashamba ya viazi, karoti na pareto yenye hewa baridi ambayo watoto wataikumbuka wakifika joto la Kisumu. Sweta zikae juu ya mabegi. Kericho simameni mnywe chai mkitazama majani yenyewe yakichumwa.

Wanaopenda historia wanaweza kukunja Londiani kwenda Fort Ternan, Muhoroni, Chemelil na kuingia Kisumu kwa Mamboleo. Fort Ternan ndiko yalikopatikana mabaki ya Kenyapithecus, nyani wa kale ambaye Louis Leakey alimweleza mwaka 1962. Njia hii inakwepa Ahero. Msimu wa kuvuna miwa kuna matrekta yenye trela ndefu, mengi bila taa za nyuma, kwa hiyo muwe mmeshaipita kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Wanaohamia Eldoret au Kitale wana chaguo linalopendeza kuliko yote: Mogotio, Marigat, Kabarnet, kushuka Bonde la Kerio, kupanda Tambach hadi Iten, kisha Eldoret. Barabara kuu kupitia Timboroa ni kilomita 155 hivi hadi Eldoret. Hii inaongeza 70 hivi na masaa matatu mkisimama. Pale Mogotio mnavuka ikweta, na pale Iten mnasimama ukingoni mnaona bonde lote chini yenu. Daraja la Cheploch, ambako Mto Kerio unapenya kwenye korongo jembamba la mwamba, linastahili nusu saa. Lakini iwe mchana, tangi la mafuta lijazwe Nakuru, na kabla ya kuondoka pigeni simu kwa mtu aliye Marigat au Kabarnet muulize usalama wa siku hiyo, kwa sababu sehemu za Baringo na Kerio zimekuwa na mashambulizi ya majambazi. Akisita kujibu, piteni Timboroa. Lori la kuhamia lisipite huku kabisa: kona za kushuka Kabarnet na kupanda Tambach ni kali, na likiharibika fundi yuko mbali.

Wa Kakamega na Bungoma wafuate Eldoret hadi Webuye. Magari yenye uzito wa zaidi ya kilo 3,500 yakiwa na mzigo hupimwa kwenye mizani ya Webuye, ndiyo sababu nyingine ya kuhesabu magunia mapema.

Kupatana na mwenye lori

Andikeni njia kwenye makubaliano, pamoja na saa ya kuondoka na vituo. Kisha ulizeni swali moja ambalo hubadilisha safari nzima: dereva anatarajiwa kurudi lini? Kama mwenye gari anamtaka Nakuru usiku huohuo kuchukua mzigo mwingine, ataukimbilia mteremko wa Kipsitet asubuhi na kurudi usiku amechoka. Ongezeni pesa ya malazi Kisumu. Ni ndogo ukilinganisha na kabati moja lililovunjika.

Siku ya kupakia, dereva akanyage pedali ya breki mara tano injini ikiwa imewashwa, kisha aishikilie nusu dakika. Ikizama taratibu, kuna mahali panavuja na gari hilo halipakiwi. Chungulia upande wa ndani wa tairi zote uone kama kuna unyevu wa mafuta. Ona stika ya ukaguzi, bima, pembetatu za tahadhari na kizima moto. Hakikisha kidhibiti mwendo kinafanya kazi, kwani lori la biashara halipaswi kupita kilomita 80 kwa saa.

Mkifika, friji isimame kwa muda wa saa nne kabla ya kuwashwa, hasa kama iliinamishwa wakati wa kupakua, ili oili irudi kwenye kompresa. Mahindi yashushwe kwanza na yawekwe juu ya mbao, yasiguse sakafu wala ukuta; joto na unyevu wa Kisumu huyaharibu upesi kuliko baridi ya Njoro.